Ruhusa ya kuvua kwenye kijito kinachopita shamba la mtu: tunamuomba nani hasa?

#1 MtegaNdoana (Mukono)
Wakuu habari za jioni. Mimi navua kwa ndoana tu, ufito na mshipi, sina wavu wala mtumbwi. Sehemu ninayoipenda ni kijito kimoja kinachomwaga maji yake mto Sezibwa. Kina vidimbwi vyenye kivuli, kambare na kisinja wanakaa humo. Zamani tulikuwa tunafuata njia ya ng'ombe mpaka majini na hakuna aliyeuliza. Mwaka huu ng'ambo moja imezungushiwa seng'enge. Askari wa getini anasema nikamtafute mwenye kyapa (hati ya ardhi), ambaye anaishi Kampala. Ng'ambo ya pili yuko mzee mwenye kibanja (kipande anachokalia kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine), yeye anasema "vua tu mwanangu, samaki ni wa Mungu". Kuulizia vizuri, kibanja chenyewe kiko ndani ya maili, yaani ardhi ya hati, ya yuleyule wa Kampala.

Sasa ruhusa ya kweli ni ya nani? Mwenye kyapa, mwenye kibanja, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), au maji ni ya serikali na sihitaji ruhusa ya mtu? Na kama ni kuomba, nyie mnaombaje mpaka mnakubaliwa?

#2 Kambare12
Maji ni ya serikali. Shuka mtoni, vua, rudi nyumbani. Uzi umeisha.

#3 WakiliKijiweni (Kampala)
Kambare12, usimpeleke mwenzako mahabusu. Ulichosema ni nusu ya habari.

Nusu yenye ukweli ni hii: ibara ya 237 ya Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya raia wa Uganda, lakini maziwa ya asili, mito, ardhi oevu na misitu ya hifadhi inashikwa na serikali kuu au serikali ya wilaya kwa amana, kwa faida ya raia wote. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikaongeza hapo vijito na madimbwi ya asili. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 70 kwa namba za kitabu cha zamani, inasema haki zote juu ya maji ya chemchemi, mto, kijito au dimbwi ni za serikali, hata kama yako katikati ya shamba lenye kyapa. Mwenye shamba anaruhusiwa kuyatumia kwa mahitaji ya nyumbani na kilimo kidogo, lakini haruhusiwi kuyaziba, kuyageuza njia wala kuyachafua.

Nusu nyingine: hakuna mahali palipoandikwa kwamba kwa kuwa maji ni ya wote, basi ukatize mihogo ya mtu kuyafikia. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302 (namba ya zamani pia) ina kosa la kuingia kwenye mali ya mtu kwa nia ya kutenda kosa, kumtisha, kumtukana au kumkera. Anayevua kimya mtoni hana nia hiyo. Lakini ukiambiwa "toka" ukabaki unabishana na fimbo mkononi, hapo unampa askari maneno ya kuandika kwenye karatasi yake.

Kwa hiyo mto si wake, samaki si wake, ila nyasi unazokanyaga kwenda huko ni zake.

#4 ChifuLwera (Masaka)
Wakili umesahau kanuni za mazingira za 2000, zile za ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa. Kila mto una mita 30 za kingo ambazo mtu haruhusiwi kulima wala kujenga. Mito mikubwa ni mita 100. Hizo mita ni za serikali, MtegaNdoana apite humohumo akifuata maji, asikanyage shamba la mtu kabisa.

#5 WakiliKijiweni
Chifu, namba zako ziko sawa, na Sezibwa yenyewe iko kwenye orodha ya mito ya mita 100. Vijito vyake ni 30. Lakini ukanda huo haukuhamisha umiliki. Unamzuia mwenye ardhi kufanya mambo fulani, haumpi mpita njia haki ya kuingia. Hata ukifuata maji kuanzia darajani, ukitoka majini kukaa ukingoni unaweza kuwa umekaa kwenye kyapa cha mtu.

Vyapa vilivyotolewa juu ya ardhi oevu baada ya 1995 ni hadithi nyingine. Baraza la mawaziri liliamua 2014 vifutwe. Huyo wa Kampala akikuonyesha kyapa kinachomeza kinamasi chote, tazama tarehe.

#6 NubiBombo
Huku kwetu ukikuta kijito kinapita kambi ya jeshi hakuna haja ya ibara wala kifungu. Geuza baiskeli.

#7 Ssalongo_Luweero
Mimi ni mwenye shamba na kijito kinapita katikati, niwape upande wa pili. Sijawahi kugombana na mtu kwa sababu ya samaki wenyewe. Wale waache wavuliwe.

Ninachoogopa kwanza ni utupa, ambao kwetu tunauita muluku. Vijana wanatwanga majani, wanayakamulia juu ya kidimbwi, baada ya muda samaki wanaelea matumbo juu. Wanaokota wakubwa, wadogo wanaachwa waoze, na chini ya hapo ndipo ndama wangu wanakunywa na jirani anachota maji ya kupikia. Pili ni seng'enge. Mtu mwenye haraka hatafuti lango, anakata waya mmoja. Usiku ng'ombe wanatoka, wanaingia kwenye mahindi ya watu, na kesi inakuja kwangu.

Tatu ni ardhi, na hili ndilo linalofanya wenye vyapa wengi wakatae hata kabla hujamaliza salamu. Leo umemruhusu mtu apite. Kesho amechimba nyambo, keshokutwa amesimamisha kibanda cha kujikinga mvua, baadaye kuna migomba mitatu nyuma ya kibanda, na siku moja anakuja na mwenyekiti wa LC kusema hapo ana kibanja. Tumeyaona.

Sasa nimwambie MtegaNdoana jinsi kijana mmoja alivyonipata mpaka leo anavua kwangu. Alikuja mchana, mikono mitupu, hakuwa na ufito. Akasalimia, akasema yeye ni mtoto wa nani na anakaa kijiji gani, akataja mtu tunayemjua wote. Tukazungumza mvua na bei ya kahawa. Mwishoni kabisa ndipo akasema anapenda kuvua, na akaniuliza ni wapi nisingependa afike. Swali hilo ndilo lililonifungua. Nikamwonyesha: usivuke hapa kuna mizinga ya nyuki, usipite pale kuna kaburi la baba, lango hili ulifunge nyuma yako. Anayekuja na fimbo begani anauliza "naweza kuvua?" ananifanya nijibu haraka, na jibu la haraka ni hapana.

#8 Kambare12
Ssalongo, yaani mpaka nizungumze bei ya kahawa kwa ajili ya kambare wawili? Si bora nikanunue sokoni!

#9 WakiliKijiweni
Ssalongo, maelezo mazuri. Hiyo hofu ya tatu naielewa lakini kisheria ina mipaka. Mkaaji wa nia njema anayelindwa na Sheria ya Ardhi ni yule aliyekuwa anakaa na kuitumia ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla Katiba haijaanza kutumika Oktoba 1995. Kijana anayekuja kuvua sasa hawezi kuingia kwenye kundi hilo, hata avue mpaka azeeke. Kupita si kukaa.

#10 Ssalongo_Luweero
Wakili, nimekusoma na nakushukuru. Lakini kesi ya kibanja hata ukishinda umeshauza ng'ombe kumlipa mtu wa taaluma yako. Mwenye shamba hapigi hesabu ya nani atashinda, anapiga hesabu ya kutofika mahakamani.

#11 DadaBusia
Mnaongea muluku na seng'enge, mimi nadhani sababu kubwa ya siku hizi ni madalali. Kaka yangu anavua vijito vya huku. Ana ule mfuko mrefu wa kubebea fimbo, kofia pana na buti za mpira. Akionekana anatembea kando ya mto, anasimama, anatazama, anapiga picha kwa simu, watu wanajua mpimaji wa ardhi amefika. Mara moja kijiji kizima kilimzunguka wakitaka kujua nani kauza. Alipofungua mfuko wakaona ufito na kopo la nyambo ndipo wakacheka, na mama mmoja akamwonyesha dimbwi zuri zaidi.

Kwa hiyo ukienda sehemu ngeni, fimbo ionekane, usiifiche. Najua hii inapingana na Ssalongo #7 anayetaka mikono mitupu. Pengine kwa mwenye shamba uende mikono mitupu, kwa kijiji uende nayo wazi.

#12 MamaMgono (Pallisa)
Nimewasoma kimya, sasa nichangie. Wenye ndoana mnajiona ndio wavuvi wa vijito, sisi wa mgono na vikapu tulikuwapo kabla yenu.

Kanuni hizohizo za 2000 alizotaja ChifuLwera zinasema matumizi ya kimila ya ardhi oevu hayazuiwi: kukata mafunjo, kuchuma dawa, kuteka maji ya nyumbani, na kuvua kwa mitego, mikuki na vikapu. Kilichokatazwa ni uzio wa kuziba maji ili samaki wote waishie kwako. Mimi nilinakiliwa kifungu hicho na afisa uvuvi wa wilaya, nikakiweka kwenye mfuko wa plastiki, natembea nacho. Mwenye shamba la mpunga alipotufukuza kwenye kinamasi chetu, mwenyekiti alikisoma kwa sauti mbele ya watu. Tukaendelea kuvua.

Kwa hiyo mimi siiti ruhusa. Mimi naita taarifa. Nampitia mwenye shamba asubuhi: "Mzee, leo tuko bondeni na vikapu." Hajawahi kusema hapana kwa sababu sijamuuliza.

#13 MtegaNdoana
Mama umenifungua macho. Lakini ndoana haikutajwa hapo, au imo?

#14 WakiliKijiweni
Kifungu kinasema mitego, mikuki, vikapu "au njia nyingine" isiyo uzio. Ndoana inaingia bila taabu. Ila angalia, kifungu hicho ni cha ardhi oevu. Kijito chenye kingo kavu na miamba kinaweza kisihesabiwe. Na hapo tunazungumzia samaki wa kula nyumbani. Ukianza kuuza, leseni inakuhusu, tangu sheria ya zamani ya 1951 mpaka hii mpya iliyoishika nafasi yake.

Nimpinge MamaMgono kidogo: "hayazuiwi" maana yake serikali haitakukataza. Sijaona mahali panaposema mwenye shamba hana neno.

#15 MamaMgono
Mwenye shamba asiye na neno mbele ya wanawake arobaini wenye vikapu yuko wapi?

#16 Sabiny77 (Kapchorwa)
Huku mlimani ni tofauti kabisa na mambo yenu ya maili. Wengi hawana kyapa, ardhi ni ya kimila, ya familia na ukoo. Vijito vinashuka kutoka Elgon vikiwa baridi, na vingine vina trauti, wale wenye mstari wa waridi ubavuni ambao wazungu walileta enzi za ukoloni. Sehemu ya juu ni hifadhi ya taifa tangu 1993, huko ruhusa ni ya UWA, mamlaka ya wanyamapori, na hakuna mjadala. Chini ya mpaka wa hifadhi kijito mara nyingi ndicho mpaka wa mashamba mawili. Maana yake una watu wawili wa kuwaomba. Ukimuomba mmoja tu, wa pili anakasirika hata kama hujakanyaga kwake, maana anaona umemtambua jirani yake kuwa mwenye mto.

Nilishamwona mgeni aliyeruhusiwa na baba wa nyumba akafukuzwa na mtoto wake mkubwa. Baba alikuwa ameshamgawia kijana upande ule. Kwa hiyo ukipewa ruhusa uliza: "Na kwenye ugawaji, upande wa maji ni wa nani?"

#17 BodaKasese
Huku kwetu hata mpaka wenyewe unahama. Nyamwamba ilipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, mto ulichimba njia mpya. Kuna watu walilala wana shamba wakaamka wana mto, na wengine walikuwa ukingoni sasa wana mawe makavu. Nauliza Wakili: mto ukihamia kwenye kiwanja changu, nacho kinakuwa cha serikali? Na anayevua humo ananiomba mimi au haniombi?

#18 ChifuLwera
BodaKasese umenikumbusha mambo ya huku. 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya 1964. Maji yaliingia kinamasi cha Lwera, kwenye mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga. Yalipopungua, mashimo yakabaki na samaki wa ziwa, ngege na kamongo, wamefungiwa humo. Watu wakaanza kuvua. Wenye ardhi wakasema "shimo ni letu, tulilipwa mchanga, maji ya humo ni yetu." Wavuvi wakasema "samaki walikuja na ziwa, ziwa si lako." Mpaka leo kila shimo lina utaratibu wake. Moja wanalipisha kwa siku, jingine anayevua anaacha samaki mmoja kwa mlinzi, jingine hakuna anayeuliza kwa sababu kila mtu anaogopa kina chake. Hayo mashimo kingo zake zinabomoka ghafla, msiwapeleke watoto.

#19 WakiliKijiweni
BodaKasese, mto ukihama polepole ni jambo moja, ukiruka kwa mafuriko ya usiku mmoja ni jingine, na sitaki kukupa jibu la kijiweni kwenye kiwanja chako. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya na mchoro wa kyapa kama unacho, na upige picha za mawe ya mpaka kabla hayajazolewa.

#20 MwalimuTeso (Soroti)
Nawashangaa mnavyozungumza kana kwamba ruhusa ni ya mtu mmoja siku zote. Nilipokuwa mdogo kinamasi kilikuwa na msimu. Maji yakishuka wakati wa kiangazi, wazee walikuwa wanatangaza siku, na hakuna aliyetangulia kuingia kabla ya hapo. Siku hiyo wanawake waliingia na vikapu kwa mstari, maji yakavurugika, samaki wakatafuta hewa juu. Aliyekuwa na shamba lililopakana na kinamasi hakuwa na kauli juu ya siku hiyo, ila watu walijua wasikanyage mtama wake. Siku hizi mabondeni kumelimwa mpunga, kila kipande kina mtu wake, na ndiyo maana swali kama la MtegaNdoana limezaliwa. Ningemwambia sheria haikubadilika sana. Kilichobadilika ni mpunga.

Halafu kuna hili sijapata wa kunijibu. Kamongo anajizika kwenye tope likikauka, anakaa ndani miezi akisubiri mvua. Ukimfukua kwa jembe kwenye shamba la mtu, umevua au umechimba ardhi yake?

#21 NubiBombo
Mwalimu, ukimfukua hakikisha umeshika kichwa kwanza. Yule anauma kidole kikaondoka. Mambo ya sheria yatafuata baadaye.

#22 Ssalongo_Luweero
Na kwa vile mmemtaja kamongo: MtegaNdoana, ukitaka kumpelekea mwenye shamba samaki wa shukrani, uliza kwanza ukoo wake. Mimi ni wa ukoo wa Mamba, kamongo ndiye muziro wetu, hatumli. Alikuja mtu na kamongo mnono kwenye majani ya mgomba, anamweka mezani kwangu mbele ya watoto, akidhani ananifurahisha. Wa ukoo wa Nkejje nao msiwapelekee nkejje, wale samaki wadogo. Na mabibi wengi wa Kiganda wa zamani hawagusi kamongo kabisa. Peleka ngege, hutakosea kwa wengi.

#23 Kambare12
Hapo nimejifunza kitu. Kambare je?

#24 Ssalongo_Luweero
Kambare leta hata leo.

#25 DadaBusia
Turudi kwa aliyeuliza. Mwenye kyapa yuko Kampala na askari hana mamlaka ya kusema ndiyo. Kaka yangu alikuwa na hali hiyohiyo, akaandika barua fupi, akampa askari mbili, moja ya bosi na moja abaki nayo getini. Niliisaidia kuiandika, iko hivi, irekebisheni mnavyotaka:

"Mheshimiwa, mimi ni fulani wa kijiji cha fulani, mwenyekiti wangu wa LC1 ananijua na namba yake iko hapa chini. Naomba kupita langoni kwako kwenda kijitoni kuvua kwa ndoana moja, mchana tu, samaki wa kula nyumbani. Sitatumia wavu, dawa wala uzio. Sitawasha moto, sitakata mti, sitakuja na mtu mwingine bila kukuambia. Nakiri kwamba kupita kwangu hakunipi haki yoyote juu ya ardhi hii, na siku utakayosema basi, nitaacha. Nikiona waya umekatwa, ng'ombe ametoka au mtu anaweka dawa majini, nitampigia askari wako."

Sahihi yake, mhuri wa LC1, namba za simu. Jibu lilikuja kwa simu baada ya muda, likasema sawa.

#26 WakiliKijiweni
Dada, hiyo ya "hakunipi haki yoyote juu ya ardhi" ni mstari wa thamani. Inaiondoa hofu ya tatu ya Ssalongo kwa maandishi. Ningeongeza kitu kimoja: yule mzee wa kibanja asirukwe. Yeye ndiye anayekaa pale, sheria inamtambua, na busuulu (kodi ya mwenye ardhi) analipa. Kwenye kibanja chake ruhusa ya kupita ni yake kuitoa. Mwenye maili hana haki ya kumpangia nani amtembelee.

#27 Ssalongo_Luweero
Mimi na Wakili hapo hatukubaliani. Mwenye kibanja akiwaruhusu watu wa nje wakavua mpaka ng'ambo yangu, tutaitana kwa mwenyekiti. Lakini barua ya DadaBusia ningeikubali, hasa hapo pa kupiga simu ukiona dawa majini. Mwenye shamba anayekaa Kampala anapata jicho la bure mtoni. Wengi hawajui kwamba mvuvi mmoja mwaminifu anazuia waharibifu wa maji kumi.

#28 MtegaNdoana
Nashukuru wote. Barua naiandika leo, na mzee nitampitia kwanza. Bado sijaelewa kama MamaMgono yuko sahihi kwamba ni taarifa tu, au Wakili.

#29 MamaMgono
Niko sahihi.

#30 Mfugaji_Nakasongola
Samahani nimechelewa, naomba niongeze la mabwawa. Nina bwawa la kunyweshea ng'ombe, nimelichimba kwa pesa yangu, halijaungana na mto wowote, wala sijawahi kuweka kifaranga cha samaki. Sasa limejaa kambare. Vijana wanakuja kuomba kuvua, wengine hawaombi. Hao samaki ni wangu?

#31 Kambare12
Ndugu zangu wamefikaje huko?

#32 MwalimuTeso
Kambare anatembea. Usiku wa mvua anapita kwenye majani mabichi kutoka maji haya kwenda yale, ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua. Mvua kubwa za kwanza ndipo wanapanda kutafuta mahali pa kutaga.

#33 ChifuLwera
Mwalimu, kutembea mita chache nakubali, si kilomita za Nakasongola kwenye ukavu ule. Hao wameletwa na wachungaji kwenye madumu. Mchungaji akipita mto Kafu anaokota wadogo, anamwaga bwawani, mwaka unaofuata ana kitoweo.

#34 NubiBombo
Kwetu wazee wanasema ni ndege, mayai yanashika miguuni.

#35 Mfugaji_Nakasongola
Wachungaji wangu wote wanakana. Na bwawa la jirani yangu, karibu na mto kuliko langu, halina hata mmoja.

#36 WakiliKijiweni
Wamefika vyovyote walivyofika. Kanuni ya Adhabu inasema mnyama wa porini aliye huru haibiwi, ila akishakufa mzoga wake unaibika. Samaki wa mtoni yuko huru. Aliye kwenye bwawa lako lisilo na njia ya kutokea, nitasema hana uhuru huo na ni wako. Mwenzangu mmoja atasema kambare anayeweza kutembea usiku wa mvua bado yuko huru. Bwawa lenyewe halina ubishi: si la asili, umelichimba, anayeingia anakuomba wewe.

#37 Kambare12
Basi Mfugaji, naomba mimi rasmi. Habari za huko, mvua zikoje, na bei ya ng'ombe?

#38 Mfugaji_Nakasongola
Karibu. Njoo saa nne, ng'ombe wakiwa wameshakunywa, usiwatie hofu majini. Wavu sitaki, ndama alishanasa mguu kwenye wavu ulioachwa. Ndoana iliyokatika usiiache kwenye tope la kunyweshea. Nyambo chimba nyuma ya zizi, kuna mbolea ya zamani wamejaa. Usichimbe kwenye tuta la bwawa, hata kama unawaona, tuta likivuja msimu mzima wa kiangazi umekwisha.